Msaada wakuu: mizani ya ghalani imegoma kuongea na laptopu kwa waya wa siriali (Linux)

karani_kizota
Wakuu habari za jioni. Niko Dodoma, Kizota, kwenye ghala la kununulia alizeti, kazi yangu ni kupima na kuandika. Tuna mizani ya jukwaa ya kilo 300, kichwa chake kina namba nyekundu na kwa nyuma kuna tundu la siriali la pini tisa ambalo toka nimeanza kazi sijawahi kuona mtu amelichomeka kitu.

Msimu ndo umeanza, foleni ndefu, vumbi, makuli wanapiga kelele, na wiki hii mara mbili namba niliyoandika mimi daftarini na aliyoisoma mkulima kwenye mizani hazikufanana. Mmoja ni mzee katoka Chemba na gunia zake, nilimwandikia 56 badala ya 65, kilo tisa nzima, bahati nzuri alikuwa makini akaniambia "mwanangu hebu angalia tena". Iliniuma sana. Nataka namba itoke kwenye mizani iingie kwenye faili yenyewe, mkono wangu usipite katikati.

Nina laptopu ya Ubuntu 22.04 na kebo ya USB kwenda siriali, chipu yake CH340. Nimesoma kwamba unaandika hivi kwenye terminali:

screen /dev/ttyUSB0 9600

Inafunguka sekunde moja afu inaniambia [screen is terminating], basi. Na hiyo ttyUSB0 yenyewe saa nyingine ipo saa nyingine haipo, nikiangalia kwenye /dev siioni kabisa. Kitabu cha mizani kilishapotea siku nyingi. Nianzie wapi?

fundi_nkuhungu
Mbukwa mkuu, karibu. Weka screen pembeni kwanza, sio mbaya ila ikishindwa haikwambii kwanini. Weka picocom, programu ya kusoma na kutuma herufi kwenye poti ya siriali, ni ndogo na ikikwama inasema wazi imekwama wapi:

sudo apt install picocom
picocom -b 9600 /dev/ttyUSB0

Kutoka ni Ctrl-A halafu Ctrl-X, shika hiyo maana watu wengi wanafunga dirisha zima.

Ikisema Permission denied maana yake jina lako halimo kwenye kundi la dialout, kwa Ubuntu na Debian ndo kundi lenye ruhusa ya poti hizi. Andika sudo usermod -aG dialout $USER halafu toka kabisa kwenye akaunti uingie tena, kufunga terminali peke yake haitoshi. Usizoee kuendesha kila kitu kwa sudo.

Ila hilo la ttyUSB0 kuja na kupotea linanipa wasiwasi zaidi. Chomoa kebo, andika sudo dmesg -w, hiyo inaonyesha taarifa za mfumo papo hapo, uichomeke huku unaangalia, kisha tuletee mistari inayotokea.

karani_kizota
Asante fundi. Dialout nimejiunga, nimewasha mashine upya kabisa. Sasa picocom inasema No such file or directory. Kwenye dmesg naona ch341-uart converter now attached to ttyUSB0, yaani imeiona fresh kabisa, halafu hapo hapo unakuja mstari huu

usbfs: interface 0 claimed by ch341 while 'brltty' sets config #1

na chini yake disconnected from ttyUSB0. Huyu brltty ni nani?

dada_wa_makulu
Kaka huyo namfahamu, alinisumbua siku mbili nzima wakati wa projekti yangu ya chuo, nikanunua kebo ya pili bure na ya kwanza haikuwa na shida yoyote.

brltty ni programu ya vifaa vya Braille, vile vinavyomsaidia asiyeona kusoma skrini kwa vidole. Baadhi ya vifaa hivyo ndani vinatumia chipu hiyo hiyo ya CH340 yenye namba 1a86:7523, sasa Ubuntu 22.04 ikiona namba hiyo inadhani umechomeka kifaa cha Braille, inamkabidhi brltty, na brltty anainyang'anya kutoka kwa draiva ya siriali. Ndo maana inaonekana kidogo afu inapotea. Andika lsusb uhakikishe namba ni hiyo.

Kama hakuna mtu anayetumia Braille kwenye hiyo laptopu:

sudo apt remove brltty

chomoa, chomeka, imeisha. Ila kama kuna mwenzetu asiyeona anaitumia usiitoe tafadhali, fungua faili la sheria za udev (sehemu ya Linux inayotambua vifaa vinavyochomekwa) la brltty uweke alama ya # kwenye mstari wenye 1a86/7523 tu, hapo vifaa vingine vya Braille vinaendelea kufanya kazi.

karani_kizota
Dada Mungu akubariki. Sasa ttyUSB0 imetulia, haipotei tena, na picocom inafunguka inaandika Terminal ready. Ila kimya. Napandisha gunia, namba inabadilika kwenye kichwa cha mizani, kwenye laptopu hakuna hata herufi moja. Nimejaribu 2400, 4800, 9600, 19200, kimya kile kile.

fundi_nkuhungu
Hapo simama usibadilishe spidi tena. Spidi ikikosewa kwa kawaida unaona takataka, herufi za ajabu ajabu. Kimya kabisa ni habari ya waya, au mizani yenyewe haijaambiwa itume.

Anza na upande wako. Chomoa kebo kwenye mizani, chukua kauzi ka waya wa ndani ya kebo ya neti, kale ka shaba, umenye, unganisha pini namba 2 na namba 3 za ile kebo ya USB. Namba zimeandikwa kwa maandishi madogo sana kwenye plastiki pembeni ya pini, tumia tochi ya simu. Fungua picocom uandike chochote. Ukiona unachoandika kinatokea, maana yake herufi imetoka pini 3 imerudi pini 2, kebo na draiva ni nzima. Toa waya, andika tena, zisionekane. Hicho kipimo ni cha dakika tano na kinamaliza ubishi wote wa "labda kebo ni feki".

Ikipita hiyo nenda upande wa mizani na multimita, volti za DC. Waya mweusi wa mita weka pini 5, hiyo ndo gnd, yaani ardhi, mwekundu gusa pini 2 halafu pini 3 za tundu la mizani. Kwenye RS-232, yaani siriali ya kawaida ya tundu hizi za pini tisa, pini inayotuma ikiwa imepumzika inakaa volti hasi, kitu kama hasi 5 mpaka hasi 12. Inayopokea inakuwa karibu na sifuri. Pini utakayoikuta na hasi ndo mdomo wa mizani, na huo mdomo lazima uende kwenye sikio la laptopu ambalo ni pini 2. Ukikuta chanya 3.3 au chanya 5 usichomeke kitu, hiyo sio RS-232, rudi hapa kwanza.

Na usifungue kichwa cha mizani hata kidogo. Pale kuna lakiri ya Wakala wa Vipimo, ukiikata umeharibu uhalali wa mizani nzima. Kazi yetu yote ni ya tundu la nje.

mzee_wa_visima
Samahani kuingilia vijana, mie nahusika na pampu za visima vya sola huku Chamwino, inveta yangu ina nyaya mbili zimeandikwa A na B, na hiyo picocom nitapata namba zake?

fundi_nkuhungu
Shikamoo mzee. Hiyo ya A na B ni RS-485, siriali ya aina nyingine, usichomeke kwenye kebo ya RS-232, unahitaji adapta yake. Na inveta nyingi za pampu zinaongea Modbus, ambayo sio maandishi ya kusomeka na isipoulizwa haijibu, kwa hiyo ukifungua picocom utakaa mpaka jioni. Tumia mbpoll, hiyo inauliza swali la Modbus na kukuletea jibu. Fungua uzi wako mzee utuwekee na karatasi ya rejista za inveta, nitakuja.

karani_kizota
Majibu haya hapa. Kipimo cha waya kimepita, nimeandika alizeti ikarudi alizeti. Kwenye mizani, pini 3 imesoma hasi 6 na kidogo, pini 2 karibu sifuri. Kumbe laptopu nayo inatumia 3 kutuma, kwahiyo walikuwa wanapigiana kelele mdomo kwa mdomo siku zote hizi. Nilikuwa na kebo ya zamani ya kati nikaikata nikakrosi, 2 kwenda 3, 3 kwenda 2, 5 kwenda 5, nikafunga na tepu.

Bado kimya, mpaka nilipobonyeza kitufe cha kuprinti kwenye kichwa cha mizani, ndo ikatuma! Nilipiga kelele mpaka kuli mmoja akadhani nimepigwa shoti.

Ila sasa naona hivi. Mwanzo inaandika S vizuri, halafu vidude vyeusi vyenye alama ya kuuliza ndani, halafu namba. Gunia la 65 naliona 65.0 safi kabisa ila herufi za kg hazionekani, ni vidude. Gunia la 72 ni vidude vitupu, nukta na sifuri ndo naziona. Nimekaa nimejaribu mizigo mingi nikaandika pembeni: 0, 3, 5, 6 na 9 zinatoka sawa kila mara. 1, 2, 4, 7 na 8 hazitoki hata mara moja. Na mistari inashuka kama ngazi, kila mmoja unaanzia pale wa juu ulipoishia. Je niipunguze spidi?

dada_wa_makulu
Kaka usiguse spidi, iko sahihi! Ingekuwa imekosewa usingepata nusu ya tarakimu sawa kila mara. Hiyo orodha uliyoandika ndo jibu lenyewe, nimeipigia hesabu hapa kwenye karatasi.

Mizani yako inatuma biti 7 za herufi, halafu biti ya 8 ni ya ukaguzi, pariti. Inaiwasha au kuizima ili idadi ya moja zote iwe shufwa. picocom yako inadhani biti zote 8 ni za herufi. Tarakimu 5 ni 0110101, ina moja nne, tayari shufwa, biti ya ukaguzi inabaki sifuri na wewe unaiona 5 salama. Tarakimu 1 ni 0110001, ina moja tatu, witiri, biti ya ukaguzi inawaka na herufi inageuka kitu kingine. Pitia tarakimu zote kumi, zitakazobaki salama ni 0, 3, 5, 6, 9 tu, kama ulivyoandika wewe. Herufi k na g zote zina moja tano, ndo maana kg imepotea. Na ile ngazi, alama ya kurudisha mwanzo wa mstari ina moja tatu kwahiyo inaharibika, ya kushuka mstari ina mbili inapona, sasa mstari unashuka bila kurudi kushoto.

Jaribu hivi:

picocom -b 9600 -d 7 -y e /dev/ttyUSB0

karani_kizota
ST,GS,+   72.0kg

Imetoka hivyo!!! Neno kwa neno! Mistari imenyooka! Dada na fundi sijui niseme nini. Nimemwita bosi nikambonyezea mara tano, 72, 65, 48, zote zinatoka.

Sasa la mwisho, niziweke kwenye faili pamoja na saa. Na mwezi ujao tunaleta mizani ya pili, kebo yake ya aina hii hii, naogopa ttyUSB0 na ttyUSB1 zije zibadilishane nimwandikie mtu uzito wa mwenzie.

fundi_nkuhungu
Hongera sana mkuu, na umefanya la maana kuandika zile tarakimu, bila hivyo tungezunguka wiki.

Kwa faili huhitaji picocom tena, funga hiyo kwanza, poti moja programu moja. Weka moreutils upate komandi ya ts inayobandika tarehe na saa kwenye kila mstari, kisha (wa kwanza unapanga poti, wa pili unaandika kwenye faili)

stty -F /dev/ttyUSB0 9600 raw -echo cs7 parenb -parodd -cstopb -crtscts
grep --line-buffered '^ST' /dev/ttyUSB0 | ts '%F %T' >> mizani1.txt

ST ni uzito uliotulia, mizani nyingi za mfumo huo zikiwa bado zinayumba zinaandika US, kwahiyo grep inapitisha uliotulia tu. Na iache mizani kwenye hali hiyo ya kubonyeza kitufe, usiiweke kwenye kutuma mfululizo. Kubonyeza mara moja kwa kila gunia ndo kunakupa mstari mmoja kwa kila gunia, na mkulima anaona kidole chako kikibonyeza.

Hilo la kubadilishana umeliwaza vizuri na ni kweli linatokea, anayewahi kuonekana ndo anachukua 0. CH340 nyingi hazina namba yake binafsi, kwahiyo majina ya /dev/serial/by-id hayatakusaidia kutofautisha kebo mbili za aina moja. Tumia /dev/serial/by-path, hilo jina linafuata tundu la USB la laptopu na sio kebo. Andika ls -l /dev/serial/by-path, kopi jina refu utakalolikuta, uliweke kwenye komandi zote mbili badala ya ttyUSB0. Halafu chukua maka pen andika pale kwenye laptopu, tundu hili mizani 1, tundu hili mizani 2, na juu ya kila kebo vivyo hivyo.

karani_kizota
Nimeandika kwa maka nyekundu. Kesho asubuhi naanza nayo, daftari nalo nitaendelea kuandika wiki hii yote nilinganishe na faili jioni. Yule mzee wa Chemba kasema anarudi Alhamisi na gunia zilizobaki, nitamsogezea kiti aone kwenye skrini mwenyewe.