Gita la Gibson ES-125 la 1954: sauti ya uzi wa tatu inapanda kwenye fureti ya 12 na daraja linatembea

SoloKinondoni
Habari zenu wakuu. Nina ES-125 ya 1954, pikapu moja (kinasa sauti cha nyuzi) ya P-90, daraja la mbao (kipande kinachobeba nyuzi) lisilogundishwa, linashikwa na mkandamizo wa nyuzi tu. Nyuzi zilizofungwa ni 10-46 (unene kwa elfu za inchi) za kawaida. Nikibonyeza fureti ya 12 (kichuma cha shingoni), uzi wa kwanza uko sawa, wa sita sauti inapanda kidogo, wa tatu inapanda vibaya mno. Nikichapa rizimu kwa nguvu daraja linasogea. Nifunge daraja la chuma lenye skrubu za kutyuni kila uzi peke yake?

FundiMsasa
Hela ya daraja la chuma itunze kwanza mkuu, maana kinachokusumbua ni nyuzi. Litazame daraja lako kwa juu: ngazi zinasogea kuelekea shingoni kuanzia uzi wa sita hadi wa tatu, kisha wa pili unarudishwa nyuma ghafla. Hiyo imechongwa kwa uzi wa tatu uliozungushiwa waya. Wewe umefunga uzi mtupu, yaani usiozungushiwa waya. Uzi mtupu mnene ukibonyezwa hupanda kuliko ule wenye kiini chembamba, hivyo unadai urefu zaidi ambao daraja hilo haliupi. Hutaupata kwa kusogeza, utaharibu zile nyingine tano.

Funga nyuzi za flati (zilizozungushiwa waya bapa) namba 12: Chromes 12-52 za D'Addario (wa tatu ni 24 na una waya) au Jazz Swing 12 za Thomastik, ambazo ni laini zaidi kwa vidole. Nyuzi nzito zinalikandamiza daraja zaidi, kwa hiyo hata kutembea kutapungua. Badilisha uzi mmoja mmoja. Ukilegeza zote kwa pamoja daraja linaanguka, linachora vanishi, na alama ya mahali pake inapotea.

Kuliweka: pima kutoka nati (kipande chenye mikato ya nyuzi juu ya shingo) hadi fureti ya 12, kipimo hichohicho kiendeleze kuelekea mkiani (kipande kinachoshika ncha za nyuzi), ongeza kama mm 2 upande wa uzi wa kwanza na mm 4 hadi 5 upande wa sita. Daraja litakaa kimshazari kidogo, usilinyooshe. Kisha linganisha hamoniki ya 12 (uzi ukiguswa tu juu ya fureti bila kubonyezwa) na noti ya kubonyeza ya 12. Ya kubonyeza ikipanda, sukuma daraja nyuma kuelekea mkia. Ikishuka, lete mbele. Legeza kidogo kabla ya kusukuma, shika miguu yake, usishike kichwa.

MpingoTanga
Naongezea kwenye kutembea. Chukua kipande cha karatasi ya risiti, jaribu kukipenyeza chini ya miguu ya daraja pande zote. Kikiingia popote, mguu haujakaa. Tumbo (ubao wa juu) la ES-125 ni plaiwudi iliyobinuliwa, kwa hiyo mguu ndio unaofuata tumbo. Laza msasa namba 120 juu ya tumbo pale daraja linapokaa, upande wenye mchanga juu, sugua mguu kwa mikono miwili kuelekea shingo na mkia, mwendo mfupi, bila kuuyumbisha. Malizia na 220. Ukiyumbisha, kingo zitakuwa mviringo na utabaki na daraja lililosimama kwenye tumbo lake lenyewe.

Ukishafunga 12 shingo itavutwa zaidi. Bonyeza uzi wa sita fureti ya 1 na ya 14, ingiza fila geji (kipimo bapa cha unene) kati ya uzi na fureti ya 7: 0.2 hadi 0.25 mm inatosha. Ikizidi, kaza nati ya fito (chuma kilicho ndani ya shingo) kwa spana boksi ya inchi 5/16, robo mzunguko, kisha subiri saa kadhaa. Ikigoma acha, fito ya zamani hukatika. Kimo cha nyuzi juu ya fureti ya 12: mm 2 wa sita, 1.6 wa kwanza. Kama viringi vya daraja (vigurudumu vya kulipandisha na kulishusha) vimefika chini kabisa na nyuzi bado ziko juu, pembe ya shingo imekwisha, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye mvuke na gundi ya ngozi.

SoloKinondoni
Shukrani wakuu. Kuna mvumo pia kwenye ampu, nikigusa nyuzi unapungua.

WayaMwekundu
Kupungua ni tabia ya pikapu ya koili moja. Ungekuwa haubadiliki ningesema waya wa ethi unaokwenda mkiani umekatika. Hakikisha kwa mita: mkia hadi mwili wa jeki iwe karibu na om 0. Pikapu yenyewe kwa kawaida husoma kilo-om 7 hadi 9. Ukilazimika kutoa vidhibiti vya volyumu na toni, vinapitia tundu la f (uwazi wenye umbo la f kwenye tumbo). Funga uzi wa kushonea kwenye mhimili wa kila kidhibiti kabla hujakisukuma ndani, la sivyo kukirudisha ni kuvua samaki gizani.

MpingoTanga
Na kwa kuwa uko Dar: unyevu wa hewa uwe 45 hadi 55% ndani ya boksi, yaani silika jeli na kipimo cha unyevu. Kwenye buti la gari kamwe, gundi ya ngozi inalainika kwa joto. Stendi yenye mpira isiguse vanishi ya nitro (nitroselulosi), inaiyeyusha. Kinga ya plektra (bamba linalolinda tumbo) ikiwa ni ya seluloidi yenye madoa ya kobe, inuse: ikitoa harufu kali na skrubu zake zimeota ukijani, ifungue leo, isilale tena boksi moja na gita.