Nimepima ukuta, uso wa bibi umekuwa wino

Mtoto wa Shangani
Asalaam alaikum wakuu, naombeni msaada. Ami yangu kaniachia kamera yake ya filamu, Olympus OM-4. Ijumaa nikampiga bibi picha amekaa barazani kwake, hapa Mji Mkongwe. Kavaa buibui, nyuma yake ukuta uliopakwa chokaa juzi tu. Ilikuwa saa kumi alasiri, uchochoro mzima kivuli. Filamu HP5 ya 400, ile ya nyeusi na nyeupe, tundu la lenzi nimeliweka f/8. Nikabonyeza SPOT, kitufe kinachopima mwanga wa sehemu ndogo tu, nimekielekeza ukutani maana ndiko niliona mwanga, kamera ikanipa kasi ya 1/500 ya sekunde. Filamu nimeisafisha mwenyewe bafuni. Ukuta umetoka kijivu kama saruji, na uso wa bibi umeshikana na buibui, wino mtupu. Kaitazama picha akaniuliza, "Na mimi niko wapi?" Kosa ni la dawa, la kamera, au langu?

Babu Negativu
Waalaikum salaam mwanangu. Ni lako, lakini sote tumelipitia.

Kipimo cha mwanga hakijui kama unakionesha chokaa au mkaa. Kitu chochote utakachokielekezea, kinakitafutia mwanga wa kukifanya kijivu cha kati. Umekionesha ukuta mweupe, kikakupa ukuta wa kijivu, na vyeusi vyote vikazama. Kwenye negativu kiza kisichopata mwanga ni plastiki tupu, hata ukae nayo dawani mpaka asubuhi hutatoa kitu.

Kwa hiyo anza na kiza. Weka kile kiduara cha katikati kwenye mkunjo wa buibui ambao ungependa uonekane, usome. Tuseme umepata 1/15. Hiyo ingelifanya buibui kuwa kijivu, nasi hatulitaki hivyo, basi punguza stopu 2 (kila stopu moja hukata mwanga nusu): 1/60. Sasa rudi ukutani. Ulisoma 1/500, kutoka hapo hadi 1/60 ni stopu 3 juu ya kijivu. Chokaa itakuwa nyeupe na mikwaruzo ya brashi utaiona bado.

Kamera yako ina kitufe cha SHADOW kinachopunguza chenyewe, ila kinashuka stopu 2 na theluthi mbili. Kwa buibui naona kinazidisha. Mimi huhesabu kwa mkono.

Dada Kiganja
Shikamoo babu. Naongeza la uso, kwa sababu limenitesa miaka. Vitabu vingi vinasema pima uso kisha ongeza stopu 1. Hiyo ni ngozi ya Mzungu! Bibi yetu ukimwongezea stopu 1 utampausha kama kamwagiwa unga. Ngozi nyeusi mimi naiacha palepale kwenye kijivu, au naishusha nusu stopu. Ile ya kuongeza 1 fanya kwenye kiganja: kiweke kwenye mwanga uleule alioukalia yeye, pima, ongeza. Viganja vyetu havipishani sana.

Babu Negativu
Marahaba. Kweli kabisa. Na siku ukitia filamu ya slaidi, ile inayotoa picha yenyewe badala ya negativu, geuza yote: huko panapoungua ni peupe, kwa hiyo unapima chokaa na kuilinda.

Mtoto wa Shangani
Nimetoka barazani sasa hivi, wakati uleule. Buibui 1/15, ukuta 1/500, kama kwamba babu alikuwa kasimama nyuma yangu! Uso 1/60. Kwa hiyo 1/60 inawatosha wote watatu?

Dada Kiganja
Inawatosha. Lakini ni polepole, mwambie asicheke.

Mtoto wa Shangani
Hilo ndilo gumu. Halafu kaweka sharti: picha ya wino hairudii tena, safari hii anavaa kanga yake mpya, nyekundu na nyeupe. Sasa nipime wapi?

Babu Negativu
Uso, mwanangu. Kanga itajitafutia yenyewe.