Naomba ushauri: Zeitz MOCAA na mama mwenye shida ya magoti

Hamjambo wanakikundi? Mwezi ujao nitakuwa Cape Town na mama, naye ameng'ang'ania tuone Zeitz MOCAA, lile ghala la nafaka la miaka ya 1920 ambalo mirija yake ya zege ilichongwa kwa ubunifu wa Thomas Heatherwick, likafunguliwa 2017 kuwa jumba la sanaa. Sisi wa Nakuru maghala tunayajua ya mahindi tu! Viza si tatizo. Tatizo ni magoti yake, na kimo humtia kizunguzungu. Video nilizotazama zinaonyesha ngazi za mzunguko na lifti za vioo tu. Mliofika huko, kuna lifti ya kawaida, iliyofungwa? Na pale juu penye sakafu ya vioo, anaweza kupakwepa bila kukosa kazi zenyewe za sanaa?