Ni toleo lipi la Dune linalobeba onyo la mwandishi?

Mwalimu wa Kihesa:

Habari za leo, wanajukwaa. Ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Iringa, na kwa mihula miwili sasa nimekuwa nikisoma riwaya ya Dune ya Frank Herbert pamoja na wanafunzi tisa wa kidato cha tano, kila Jumamosi baada ya usafi. Tunasoma kwa Kiingereza, tunasimama kila baada ya kurasa mbili tatu, kisha mmoja wao anatusimulia kwa Kiswahili yaliyotokea. Wiki iliyopita tulimaliza kitabu cha kwanza, kile kilichotoka mwaka 1965, na uongozi wa shule umekubali kutuazima projekta kwa Jumamosi mbili. Ninaomba ushauri: katika filamu na tamthilia zilizotokana na kitabu hicho, ni ipi inayofaa kuonyeshwa kwa vijana ambao tayari wamekisoma?

Nitaeleza kwa nini jambo hili linanisumbua. Niliogopa kwamba kitabu kingewashinda kwa majina yake mageni, lakini majina hayo ndiyo yaliyowafungulia mlango. Tulipofika pale Stilgar, kiongozi wa watu wa jangwani, anapompa Paul, kijana ambaye ndiye mhusika mkuu, jina la siri la Usul, ambalo kwa watu hao lina maana ya msingi wa nguzo, binti mmoja aliinua mkono akauliza kama hilo ndilo “usuli” ambalo kaka yake wa chuo kikuu huandika katika “usuli wa tatizo”. Nilimjibu kwamba ndilo, kwa kuwa maneno yote mawili yametoka katika Kiarabu. Kuanzia siku hiyo wakawa wanayawinda wenyewe. Lisan al-Gaib, jina la yule aliyetabiriwa, wakaligawa kuwa lisani na ghaibu, ulimi unaosema yaliyofichika. Muad'Dib, jina la panya mdogo wa jangwani ambaye watu wale humwita mwalimu wa wavulana, wakalihusisha na adabu na kuadibu. Msomaji wa Marekani huyasikia maneno hayo kama sauti za mbali, ila sisi tunayasikia kama maneno ya jirani, na ninaamini kwamba hilo linatupa haki ya kuwa wakali tunapoangalia namna yanavyotumiwa katika filamu.

Mimi mwenyewe nimeona filamu ya David Lynch ya mwaka 1984 na zile mbili za Denis Villeneuve, ya mwaka 2021 na ya mwaka 2024. Hofu yangu iko kwenye hii ya mwisho. Nilipoitazama pamoja na ndugu zangu nyumbani, pale Paul anaposimama mbele ya umati wa kusini na kujitangaza kuwa ndiye aliyetabiriwa, sebule nzima ilishangilia. Kumbe kwa jinsi nilivyokielewa kitabu, hapo ndipo msomaji anapopaswa kuingiwa na hofu, kwa sababu mwandishi anatuonya tusimfuate kiongozi kwa upofu eti ni mwokozi. Sitaki wanafunzi wangu washangilie hapo. Je, kosa ni la filamu, au ni la sisi tulioitazama?

Msomaji wa Uyole:

Mwalimu, hongera kwa kazi hiyo. Nitaanza na ile usiyopaswa kuionyesha, kwa sababu ndiyo iliyonipotosha mimi kwa miaka mingi.

Filamu ya 1984 niliiona nikiwa mtoto, hapa Mbeya, katika kibanda cha video chenye mabenchi ya mbao na turubai lililovuja, kwa kanda ambayo picha yake ilikuwa ikicheza kila baada ya dakika kadhaa. Hatukuelewa mazungumzo. Aliyekuwa akiendesha kibanda alitutafsiria kwa sauti ya juu kadiri alivyoweza, na pengine alitunga. Lakini mwisho wake kila mtu aliuelewa: Paul anashinda, na mvua inanyesha juu ya sayari ambayo haijawahi kuona mvua. Sisi ni watoto wa mkoa wa mvua, tunajua furaha ya mawingu ya Novemba baada ya vumbi, na tulipiga makofi hadi mwenye kibanda akatunyamazisha.

Miaka mingi baadaye nilisoma kitabu, nikagundua kwamba ile mvua ni kosa kubwa kuliko yote. Katika hadithi ya Herbert maji ni sumu kwa wale minyoo wakubwa wa jangwani. Minyoo ndiyo inayoleta kiungo kile cha melange, kiungo ndicho kinachowawezesha manahodha kusafiri kati ya nyota, na kwa hiyo dola nzima inaning'inia kwenye ukame wa sayari moja. Mvua ikinyesha ghafla, minyoo inakufa na kila kitu kinaanguka. Ndiyo maana kitabuni mwanaekolojia Kynes anawapangia watu wa jangwani mpango wa kuigeuza nchi yao polepole, kwa miaka 300 hadi 500, na wanakubali kuufanyia kazi wakijua kwamba wao wenyewe hawataonja matunda yake. Filamu ile ilichukua kazi ya vizazi kumi na zaidi ikaifanya muujiza wa mtu mmoja, na mtu anayefanya muujiza ni mwokozi wa kweli, si mtu wa kuogopwa. Onyo lote la mwandishi lilisombwa na ile mvua.

Sisemi kwamba haina uzuri. Mavazi yake, kumbi za mfalme na yule nahodha aliyefungiwa ndani ya tangi la moshi bado vinanijia ndotoni. Hata hivyo Lynch mwenyewe aliikataa, na toleo refu lililotengenezwa kwa ajili ya televisheni lilitoka bila jina lake.

Mkulima wa Ubaruku:

Habari zenu. Mimi si mtu wa filamu sana, ila kitabu hiki nimekisoma mara tatu, na kila mara nimekisoma kama mtu wa maji.

Wanaolima mpunga huku Usangu watanielewa. Kiangazi tunapeana maji kwa zamu, na zamu yako ikiangukia usiku, unalala kando ya mfereji ukiwa na tochi na jembe, kwa sababu ukisinzia, mtu wa juu yako anafungua kwake na wewe unaamka shamba limekauka. Nimewaona watu wa ukoo mmoja wakiacha kusalimiana kwa ajili ya lango la mbao lenye upana wa mkono. Na sisi nasi ni watu wa juu kwa wenzetu, kwani Ruaha Mkuu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 umekuwa ukikauka kila kiangazi kule chini ndani ya hifadhi, na viboko wanabanana kwenye madimbwi yaliyobaki.

Kwa hiyo mimi toleo nalipima kwa swali moja tu: je, mtazamaji anatoka akiwa na kiu? Filamu ya 2021 imejitahidi. Kuna pale mtunza bustani anapomweleza Paul kwamba kila mtende katika ile mitende 20 ya ikulu hunywa kila siku maji ya kuwatosha watu watano, yaani mitende ile ni uhai wa watu 100. Kuna pale Stilgar anapotema mate mezani mbele ya Mtawala Leto, baba yake Paul, walinzi wanashika silaha, naye Duncan, askari wa Leto, anamshukuru kwa zawadi ya maji ya mwili wake. Hapo niliposoma niliinuka nikatembea uwanjani kwanza kabla ya kuendelea. Kwetu kutema mate mbele ya mtu ni tusi, ila wazee wetu wengine walibariki watoto kwa mate hayo hayo, hivyo jambo hilo halikunishangaza, lilinigusa.

Lakini karamu wameiacha, na karamu ndiyo roho ya sehemu ile. Kitabuni, desturi ya wakubwa wa mji ilikuwa wageni kunawa mikono mlangoni, kumwaga maji sakafuni na kutupa taulo zilizolowa, halafu maskini waliosimama nje wanapewa yale yaliyokamuliwa kwenye taulo. Leto anaifuta desturi hiyo na kuamuru kwamba kila mwombaji atakayefika mlangoni apewe kikombe cha maji wakati wa chakula. Kwa kisa hicho kimoja tunamjua kuwa ni mtu mwema, na tunajua pia kwamba wema wake ni sehemu ya siasa zake. Tamthilia ya mwaka 2000, ile ya sehemu tatu ambamo William Hurt anaigiza kama Leto, angalau ina karamu. Jangwa lake ni la studio na mtu anaona wazi kwamba mandhari ya nyuma yamechorwa, lakini imewapa watu nafasi ya kukaa na kuzungumza.

Ushauri wangu: waonyeshe filamu ya 2021, na kabla ya kuiwasha uwasomee sura ya karamu kwa sauti.

Mbena wa Njombe:

Mwalimu, shikamoo. Nitajibu lile swali lako la mwisho moja kwa moja: kosa si la filamu. Villeneuve aliliona tatizo hilo la sebule inayoshangilia, na alilishughulikia kwa kumtumia Chani, binti wa jangwani ambaye Paul anampenda.

Kitabu kina njia zake za kuonya. Kila sura inafunguliwa kwa maandishi ya Binti Mfalme Irulan, kwa hiyo tangu mwanzo tunajua kwamba Paul atageuka kuwa mtu wa kuandikiwa vitabu vya sifa. Tunaingia ndani ya kichwa chake na kumwona akiviogopa vita vitakavyopiganwa kwa jina lake. Filamu haina nafasi hiyo, kwani uso wa mwigizaji mzuri ukiwa mkubwa kwenye kiwambo, mtu humpenda tu. Ndiyo maana filamu ya 2024 imemfanya Chani kuwa mtu asiyeamini unabii, anayempenda Paul lakini hampigii magoti. Anasema waziwazi kwamba unabii ndio unaotumika kuwatia watu wake utumwani. Mwishoni wote wanapoinama, yeye anaondoka, na picha ya mwisho ni uso wake akiwa peke yake jangwani akimngojea mnyoo. Mwanafunzi akiulizwa “kwa nini filamu imeishia kwa Chani na si kwa mfalme mpya?”, atafika mwenyewe pale unapotaka afike.

Sisi wa nyanda hizi tuna sababu ya kulipa jambo hilo uzito. Mwaka 1905 babu zetu Wabena walishambulia misheni ya Yakobi wakiwa na imani katika maji ya Kinjekitile, kwamba risasi za Wajerumani zingegeuka maji. Nilikua nikisikia habari za njaa iliyofuata baada ya vyakula na mashamba kuchomwa. Sitaki kuwafananisha watu wetu na wahusika wa kubuni bila uangalifu, kwa sababu tofauti ni kubwa. Unabii wa Kinjekitile ulitoka ndani ya watu wenyewe na uliunganisha makabila yaliyokuwa hayajawahi kupigana upande mmoja, wakati unabii wa kule jangwani ulipandwa karne nyingi kabla na watawa wa Bene Gesserit, ili siku mmoja wao akikwama huko apate watu wa kumlinda. Jessica, mama yake Paul na mmoja wa watawa hao, pamoja na mwanawe wanavuna shamba ambalo wenyeji hawakujua kwamba lilipandwa. Ukiwa na tofauti hiyo mkononi, Mwalimu, utakuwa na mjadala wa Jumamosi nzima.

Msomaji wa Uyole:

Dada wa Njombe, ninakubaliana nawe juu ya lengo, ila bei iliyolipwa ni kubwa. Chani wa kitabuni ni binti wa Liet-Kynes, mtoto wa yule Kynes wa mpango ule, ni mama wa mtoto wa kwanza wa Paul ambaye anauawa katika shambulio, na anabaki kando ya mumewe hata anapojua kwamba Paul atamwoa Irulan kwa ajili ya kiti cha enzi. Filamu imeifupisha miaka hiyo kuwa chini ya miezi tisa, mtoto yule hayupo kabisa, na Alia, dada mdogo wa Paul, ambaye kitabuni anamuua Baron, adui wa ukoo wao, akiwa mtoto mdogo, bado yuko tumboni. Mwanamke aliyeamini, akapoteza, na bado akabaki ananiumiza zaidi kuliko yule aliyeondoka.

Mbena wa Njombe:

Ni kweli, ndugu yangu, na mimi nilimlilia yule mtoto. Lakini imani ya Chani wa kitabuni inakuja kulipwa katika kitabu cha pili, Dune Messiah, cha mwaka 1969, na mtu aliyesoma cha kwanza peke yake hajui hilo. Huko vita vya Paul vimekwisha kuua watu bilioni 61, na ni yeye mwenyewe anayeitaja hesabu hiyo, akijilinganisha na Genghis Khan na Hitler. Kitabu hicho ni kifupi na hakina fahari ya kile cha kwanza. Wasomaji wengi walikichukia kwa sababu kiliwanyang'anya shujaa wao.

Mwalimu wa Kihesa:

Marahaba, mwanangu, na ninawashukuru nyote. Nimeamua hivi. Jumamosi ya kwanza nitaanza na sura ya karamu, na nitamwomba yule binti wa “usuli” aisome, kisha filamu ya 2021. Jumamosi ya pili tutaona ya 2024, na nitaisimamisha baada ya hotuba ya Paul kule kusini, niwaombe waandike sentensi moja tu kuhusu wanavyojisikia kabla hatujaendelea. Sitawakataza kushangilia. Nitawarudishia karatasi hizo baada ya picha ile ya mwisho ya Chani. Mvua ya mwaka 1984 nitawaonyesha kwa dakika tano, wao wenyewe waseme kwa nini haiwezekani.

Kimebaki kitabu cha pili, ambacho nimekitafuta hapa mjini bila mafanikio.

Mbena wa Njombe:

Ninacho, Mwalimu. Jalada lake limetoka na kurasa chache za mwanzo zina madoa ya chai, lakini maandishi yote yanasomeka. Nitakifunga kwenye bahasha na kukikabidhi kwa kondakta wa basi la asubuhi la Alhamisi. Uwe Ipogolo kabla ya saa sita mchana, na ukimaliza na vijana ukirudishe kwa njia hiyo hiyo, kwa sababu nina mdogo wangu anayekingojea.