WhatsApp, Telegram au ResearchGate: upi unasaidia kweli ukiwa kwenye tasnifu?

Mchumi_Moro: Wakuu, habari za saa hizi. Niko mwaka wa pili wa uzamili, natafiti mama lishe wa hapa Morogoro na safari yao ya kutoka kwenye mkaa kwenda kwenye gesi. Pendekezo limepita, sasa nahaha kutafuta makala na watafitiwa. Bando la mawazo, simu imejaa. Nataka nibaki na mitandao miwili tu. Nyie mliomaliza, upi uliwavusha?

Dada_Hojaji: Umechanganya kazi mbili hapo. Kwa makala, ResearchGate, mtandao ambao watafiti huweka makala zao. Ukikuta makala imefungwa, kuna kitufe cha kumwomba mwandishi nakala. Niliomba saba, wakajibu wanne, na mmoja akaniongezea hojaji aliyotumia mwenyewe. Sura yangu ya tatu ilisimama kwa hiyo hojaji. Ila andika salamu na mistari miwili kuhusu utafiti wako. Ombi tupu nani alijibu?

Safu_ya_Kazi: Kwa watafitiwa, ogopa fomu ya Google magrupuni. Niliirusha kwenye magrupu matano ya WhatsApp, siku mbili majibu 63, nikashangilia. Kufungua safu ya kazi: walimu 51. Mke wangu ni mwalimu. Msimamizi akauliza swali moja tu: "Hawa ni wakazi wa Mwanza au ni marafiki wa mkeo?" Nikaanza upya, kwa miguu.

Mchumi_Moro: 😂 Pole mkuu. Kuna mama nilimtumia fomu saa nne asubuhi, akanijibu kwa voisi, eti mikono ina unga. Sufuria zinagongana nyuma, mteja anadai chenji, na yeye dakika tatu ananieleza kwamba mkaa ananunua wa buku buku kadiri siku inavyokwenda, lakini mtungi unataka hela ya mkupuo. Fomu yangu yote haina swali la namna hiyo! Naweza kuitumia hii voisi?

Dada_Hojaji: Ridhaa kwanza, mdogo wangu. Alikujibu wewe, hakuijibu tasnifu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na sauti ya mtu pamoja na namba yake ni mali yake. Mweleze itatumikaje, akikubali iandike neno kwa neno, jina toa. Na usije ukawaweka watafitiwa wako kwenye grupu moja, kila mtu ataona namba ya mwenzake. Brodkasti inaficha namba, ila humfikia tu aliyesevu namba yako.

Nyali_PhD: Kutoka Mombasa: mbona Telegram mmeipita hivi hivi? Grupu letu la uzamivu tulilitoa WhatsApp kwa sababu ya stika na salamu za Ijumaa, faili ukiitafuta huioni. Telegram inapokea faili moja hadi GB 2, na ukiifuta kwenye simu bado iko huko. Anayeingia leo aweza kusoma mazungumzo ya nyuma. Kwa simu iliyojaa, ndiyo dawa.

Safu_ya_Kazi: Telegram ya wenzako sawa, ila watafitiwa wake hawako huko. Mama lishe yuko WhatsApp, tena akiwa na bando.

Kimya_Kimya: Na X (Twitter ya zamani) je?

Nyali_PhD: Zamani watu waliomba makala huko kwa #ICanHazPDF. Waliokuwa wakivuna twiti kama data walifungiwa mlango wa bure wa watafiti 2023.

Safu_ya_Kazi: Na huku Bongo ilizimwa Mei 2025. Tuendelee na mada.

Mchumi_Moro: Basi nabaki na ResearchGate kwa makala na WhatsApp ya kupangia miadi tu, fomu nachapisha. Yule mama nitamfuata kesho saa tisa, wateja wakishapungua, na karatasi ya ridhaa mkononi. Dada, nikikwama kwenye kuinakili hiyo voisi nitakusumbua PM.

Dada_Hojaji: Karibu. Nenda ukale kwake kwanza.