Nyungunyungu kwenye ukoka: tuwaache au tuwaondoe?

Mzee wa Ukoka: Naomba hili tulimalize. Kila ushauri wa bustani unasema nyungunyungu ni rafiki. Rafiki gani? Mvua ikinyesha usiku, asubuhi ukoka wangu umejaa vifundo vya tope, vingine vikubwa kama kidole gumba. Ukikanyaga vinasambaa, nyasi za chini yake zinakufa, magugu yanapata pa kuotea. Visu vya mashine ya kukatia nyasi vinabutuka. Nimeanza kuwakata kwa sepetu, lakini ukimkata mmoja unapata wawili, naongeza tatizo tu. Nani anajua dawa?

Dada Mboji: Shikamoo mzee wangu, ila hapo umeniumiza. Hicho unachoita tope ni udongo uliopita tumboni mwa nyungunyungu. Naitrojeni na fosforasi iliyomo mizizi inaichukua kwa urahisi kuliko ile ya udongo wa pembeni. Mwanasayansi Charles Darwin aliandika mwaka 1881 kwamba sehemu nyingi za Uingereza zaidi ya tani 10 za udongo kwa ekari hupita matumboni mwao kila mwaka. Tani kumi! Nani kati yetu analima hivyo bila kulipwa?

Mwalimu wa Sayansi: Mzee, ukimkata nyungunyungu hupati wawili. Kipande cha mkia kinafurukuta kwa muda kisha kinakufa. Cha kichwa, kwa baadhi ya aina na kama umekata mbali nyuma ya ule mkanda mnene ulio karibu na kichwa, kinaweza kuotesha mkia. Basi.

Jembe Mkononi: Mwalimu, mimi nimelima tangu mtoto. Vipande vyote viwili vinatembea, nimeviona kwa macho yangu haya.

Mwalimu wa Sayansi: Kufurukuta si kuishi, ndugu yangu. Mkia wa mjusi nao hufurukuta ukikatika, na hauoti mjusi.

Jembe Mkononi: Kwa hiyo mimi ni mwongo?

Mwalimu wa Sayansi: Sijasema hivyo.

Jembe Mkononi: Umesema kwa kuzunguka. Watu wa vitabuni mna tabia hiyo.

Kijana wa Kitalu: Samahani wakubwa, shuleni tulifundishwa kwamba mnyoo ukimkata anakuwa wawili. Nakumbuka hata mchoro.

Mwalimu wa Sayansi: Huyo ni planaria, mdogo wangu. Mnyoo bapa wa majini. Huyo ndiye kila kipande kinakuwa mzima. Watu wanawachanganya.

Mlinzi wa Msitu: Niwarudishe kwenye swali, maana jibu si moja kwa kila mahali. Kaskazini mwa Amerika, sehemu zilizolaliwa na barafu zama za barafu hazikuwa na nyungunyungu wa asili. Walioko leo wengi waliletwa kutoka Ulaya, wakiwa kwenye udongo wa miche na shehena za meli. Misitu ya Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, iliota juu ya zulia nene la majani makavu. Nyungunyungu wanalila zulia hilo mpaka ardhi inabaki wazi, na miche ya miti na maua ya chini haina pa kushikia. Kuna wengine kutoka Asia wanaorukaruka ukiwagusa, wanaacha udongo wa juu kama kahawa iliyosagwa. Huko wanaomba watu wasiwahamishe hata wale wa chambo.

Dada Mboji: Msitu si bustani, kaka. Tunazungumzia bustani. Na wewe Jembe Mkononi, unawakata ili iweje?

Jembe Mkononi: Siwakati kwa makusudi! Nikilima wanakatika. Au nisilime?

Dada Mboji: Ndiyo, usilime kila msimu. Weka matandazo, waache wao walime. Kuna uchambuzi wa mwaka 2014 uliokusanya tafiti nyingi: walipokuwepo nyungunyungu mavuno yalipanda kwa wastani wa asilimia 25 hivi.

Mlinzi wa Msitu: Malizia na sehemu ya pili, dada. Faida ile ilitokana hasa na naitrojeni iliyokuwa imefungwa kwenye mabaki ya mimea na mboji. Ukifagia kila jani halafu ukasubiri nyungunyungu akurutubishie, atakula nini?

Mzee wa Ukoka: Mbona mnazungumzia mavuno? Mimi sivuni kitu, nina ukoka. Bado nasubiri dawa.

Mwalimu wa Sayansi: Dawa usiitafute, mzee. Zamani viwanja vya gofu vilimwagiwa klorodeni, sumu ya kuulia wadudu, ili kuwaua. Inakaa udongoni miaka mingi, na ndege hula nyungunyungu aliyejaa sumu. Marekani waliipiga marufuku kabisa mwaka 1988. Ngoja vile vifundo vikauke, kisha pitisha ufagio mgumu kabla ya mashine. Vikikauka vinavunjika kama unga. Na inua visu kidogo.

Dada Mboji: Mzee, kabla hujafagia, toka siku moja usiku na tochi uliyoifunika kwa kitambaa chekundu, unyate. Utamkuta ametoa mwili nje, mkia umeng'ang'ania shimoni, amelishika jani kwa ncha na analivuta kwenda chini. Jani linakwama mlangoni, anaachia, anashika tena. Nilichuchumaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Tangu hapo sepetu siliingizi ovyo.

Mzee wa Ukoka: Nimefagia leo vikiwa vimekauka. Vimevunjika kweli, na mashine imepita vizuri. Ila upande wa kivulini bado ni tope tupu, hapo hakukauki. Tochi nitajaribu.

Jembe Mkononi: Mwalimu, sijasahau. Siku nne zilizopita jembe lilimkata mmoja, nikaweka vipande vyote viwili kwenye kopo la udongo wenye unyevu. Leo nimefungua. Cha mkia kimeoza na kinanuka. Lakini cha kichwa kimejichimbia mpaka chini, nilipofukua kikanikimbia. Nawaachia kopo hilo hilo mwezi mzima tuone kama kitaota mkia.

Dada Mboji: Mrudishe ardhini, tafadhali.

Jembe Mkononi: Baada ya mwezi.

Mwalimu wa Sayansi: Basi weka na majani makavu humo, ale.