Mrejesho: miaka yangu ya usingizi Tanzania, Uingereza inahesabika?

Wakuu, niliuliza kama miaka 6 niliyofanya nikiwa daktari idara ya usingizi (ganzi na dawa za kulaza wagonjwa wa upasuaji) nyumbani itanisaidia kuwa daktari bingwa huku Uingereza, au naanza moja.

Inahesabika, ila kwa karatasi. Tangu 30 Novemba 2023 GMC (baraza linalosajili madaktari huku) haidai tena mafunzo yako yalingane na ya kwao. Unathibitisha kwamba maarifa, ujuzi na uzoefu wako vinafikia kiwango cha bingwa. Nimeshika njia hiyo.

Kilichoniokoa ni daftari la kaunta. Kila zamu ya usiku niliandika kesi zangu, kurasa nyingine zina madoa ya ayodini mpaka leo. Nimekaa nazo wiki nzima nikifuta majina ya wagonjwa, kisha nakala zikarudi nyumbani zikathibitishwe. Hapo ndipo nilipoumia: hospitali moja ilikaa na barua yangu miezi 4. Dada wa masjala ndiye aliyeifukua, Mungu ambariki.

Maombi yameshaingia, nasubiri majibu. Ninyi mlio kazini huko, ombeni barua na mihuri sasa, kabla bosi wenu hajastaafu.